Hakuna Mtoto Asiye na Kichwa cha Hesabu

Miongoni mwa hukumu zinazotolewa kwa wepesi majumbani na shuleni kwetu, bila ya shahidi kuitwa wala mshitakiwa kusikilizwa, sioni iliyoenea na kudhuru kama ile isemayo kwamba hesabu ni kipaji, kwamba Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wachache kichwa cha hesabu na wengine akawanyima, na kwamba mtoto akifika darasa la nne akashindwa kutoa au kugawanya, basi imekwisha kubainika kuwa yeye ni katika walionyimwa. Baba huitamka akitazama ripoti ya muhula. Mama huiunga mkono kwa kukumbuka kwamba hata shangazi zake mtoto hesabu ziliwashinda. Mwalimu huikubali kwa kuwa inampunguzia taksiri. Na mtoto mwenyewe, aliyeketi kando akisikia yote, huipokea akakua nayo. Nasema dhana hiyo ni batili, na kwa mtoto ni dhulma.

Mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma sentensi mbili za Kiswahili hatumwambii kuwa hakujaaliwa kipaji cha kusoma. Tunauliza nani alimfundisha, alikosa shule kwa muda gani, macho yake yanaona sawasawa au la, na darasani mwao mna vitabu au hamna. Kusoma tumekwisha kukubali kuwa ni haki ya kila mtoto, na anayekosa haki hiyo tunamtafutia sababu. Lakini hesabu, ambayo katika KKK za darasa la kwanza na la pili imewekwa bega kwa bega na kusoma na kuandika, ikimshinda mtoto yule yule, uchunguzi wote husimama, na sababu huenda kutafutwa katika damu yake.

Nayo mambo yanayompata mtoto baina ya darasa la tatu na la tano hayana siri. Hata mwisho wa darasa la pili anaweza kujiokoa kwa vidole, vijiti na vizibo vya soda, kwa maana namba anazopewa ni ndogo na zaweza kupangwa mezani zikaonekana. Kisha, katika miaka mitatu tu, anadaiwa afahamu kwamba tarakimu ile ile hubadili thamani kwa kufuata nafasi iliyosimama, ya mamoja, makumi au mamia; anadaiwa, juu ya kuimba jedwali la kuzidisha, ajue kwa nini saba mara nane ni saba mara tano na saba mara tatu zilizowekwa pamoja; tena anadaiwa akubali kwamba zipo namba ndogo kuliko moja, ambazo kadiri asili yake inavyokua ndivyo sehemu yenyewe inavyopungua. Hili la mwisho linapingana na yote aliyoyazoea, maana tangu alipoanza kuhesabu amejua kuwa nane inaizidi nne, na leo anaambiwa kuwa thumni ni ndogo kuliko robo. Asiposhikwa mkono hapo, akapewa kanuni tupu aikariri, ataikariri, nayo itamponyoka kabla ya mtihani.

Lichukue daftari la mtoto mmojawapo wa hao wasemwao kuwa hawana kichwa, ulisome kwa makini anayostahili binadamu mwenye akili. Amepewa 402 atoe 178, naye ameandika 376. Mwalimu ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu na kupita. Lakini tazama alivyofanya: katika mamoja aliona mbili haitoi nane, akageuza, akaitoa mbili katika nane akapata sita, katika makumi akageuza tena, akaitoa sifuri katika saba akapata saba, katika mamia mambo yalikuwa mepesi, nne toa moja, tatu. Mpe sasa 500 atoe 236. Kabla hajashika kalamu wewe waweza kuliandika jibu lake kwenye karatasi na kulificha mfukoni: ataandika 336, ilhali jibu la haki ni 264. Mtu ambaye kosa lake latabirika namna hii anafuata sheria, na kufuata sheria ni kazi ya akili. Aliambiwa zamani kwamba ndogo hutolewa katika kubwa, na hakuna aliyerudi kumwonyesha kwamba mia moja yaweza kufunguliwa ikawa makumi kumi, na kumi moja nalo likafunguliwa likawa mamoja kumi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao wa makosa ya watoto katika kutoa, wakabainisha kwamba mengi katika makosa hayo si ya kubahatisha, yana utaratibu wake. Ni burhani iliyokaa wazi miaka yote hii, na bado sisi tunaandika alama nyekundu na kupita.

Au mfuate mtoto huyo nje ya darasa, umkute na ndoo yake ya maandazi. Bei ya andazi moja ni shilingi mia mbili. Mteja anataka saba na ametoa noti ya elfu mbili. Matano ni elfu moja, mawili ni mia nne, jumla elfu na mia nne, chenji yako mia sita hii hapa. Na kabla mteja hajamaliza kuzipokea yeye amekwisha kumgeukia mwingine. Amezidisha kwa kuivunja saba kuwa tano na mbili, jambo lile lile aliloambiwa darasani kuwa limemshinda. Huko Recife, nchini Brazil, Terezinha Nunes Carraher na wenzake waliwachunguza watoto watano wachuuzi wa umri wa miaka 9 hadi 15, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1985: sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa, na hesabu za namna hiyo hiyo zilipowekwa kwenye karatasi, namba tupu zisizo na bidhaa, walipata asilimia 37 tu. Kichwa ni kile kile. Kama kipaji ndicho kinachohesabu, kilikwenda wapi baina ya soko na karatasi?

Na sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kuidhani hesabu kuwa ni ya wateule, maana wazee wetu, ambao wengi wao hawakuiona shule ya serikali, walipima kwa kibaba na pishi, na wanafunzi waliosomea elimu ya mirathi walizigawa tarika za marehemu kwa sehemu zinazowatoa jasho wanafunzi wa leo. Mtu akifa akaacha mke, mama na watoto wa kiume na wa kike, mke ana thumni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akichukua mafungu mawili ya mwanamke. Mali huwekwa katika mafungu 24: matatu ya mke, manne ya mama, 17 ya watoto. Huko ndiko kujumlisha sehemu zenye asili mbalimbali, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano akiulizwa moja ya nane na moja ya sita hujibu mbili ya kumi na nne. Mwanafunzi wa mirathi hakupimwa kwanza kama alizaliwa na sehemu kichwani. Alifundishwa, akakosea, akarudishwa, akafundishwa tena.

Sikatai kwamba watu hutofautiana, na kwamba kuna wachache ambao hesabu za juu huwafungukia mapema. Hao nawaheshimu, lakini habari yao haihusiani na darasa la nne, kama vile kuwapo kwa washairi wakubwa kusivyowazuia watu wengine kuandika barua. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 nchini Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja katika kila watahiniwa watano. Mwenye kushikilia dhana ya kipaji hana budi kusema kwamba wanne katika kila vijana wetu watano waliumbwa na upungufu. Mimi siwezi kuyasema hayo juu ya taifa zima, wala simwoni mwenye insafu atakayeyasema.

Nataraji kujibiwa kwamba mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja hawezi kukaa na daftari la kila mmoja. Ni kweli, na mzigo huo si wake peke yake. Walakini watoto ishirini wenye kosa la kugeuza tarakimu huhitaji somo moja, na vijiti vilivyofungwa kumi kumi havinunuliwi dukani. Basi katika ripoti ya muhula na katika kikao cha wazazi, mahali pa kusema kuwa mtoto hana kichwa cha hesabu, paandikwe ni lipi hasa asilolijua: kukopa penye sifuri, kulinganisha robo na thumni, au kugawanya kunakoacha baki, na ielezwe atafundishwa lini.