Lugha ya Taifa Kizimbani
Wapo wasemao, tena aghalabu kwa Kiingereza, ya kwamba lugha haihitaji kufaradhishwa kwa sheria, kwa kuwa hujipitia yenyewe sokoni na bandarini. Lakini mimi, nikimkumbuka mzee niliyemwona kizimbani, kofia ameivua na kuipakata, akimgeukia mkalimani kila hakimu anenapo ili apate kufahamu shtaka lake mwenyewe, nasadiki kwamba katiba ya Kenya ya 2010, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa na, sambamba na Kiingereza, lugha rasmi, ilinuia insafu. Ajabu ni kuwa miswada ya Bunge la nchi hiyo hiyo, ambamo Kiswahili kilianza kusemwa 1974, hata leo huandikwa kwa Kiingereza.