Simba Bila Nyota

Mkazi wa Brooklyn Center, mji mdogo uliopakana na Minneapolis upande wa kaskazini magharibi, akitaka kutazama tamthilia kubwa ya muziki aweza kupanda basi la njia ya C, lipitalo barabara ya Penn hadi katikati ya jiji, kisha atembee kidogo mpaka barabara ya Hennepin, ulipo ukumbi wa Orpheum, jengo la mwaka 1921 ambalo liliwahi kumilikiwa na mwimbaji Bob Dylan pamoja na ndugu yake. Katika ukumbi huo, mwezi wa Julai 1997, kabla ya kufunguliwa rasmi New York mwezi wa Novemba, mchezo wa The Lion King ulionyeshwa mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza duniani. Na Simba, Rafiki na Shenzi, majina ambayo mtoto wa Pangani au Lamu hahitaji kufasiriwa, yalivaliwa jukwaani na watu ambao wakati ule walijulikana na wachache mno. Jason Raize aliyekuwa Simba, Heather Headley aliyekuwa Nala, na Tsidii Le Loka, mwimbaji kutoka kusini mwa Afrika aliyekuwa Rafiki, hawakuwa na umaarufu wa kumtoa mtu nyumbani kwake usiku. Kilichomtoa ni jina la Disney na sinema ya mwaka 1994 iliyozaa mchezo huu, na ni haki kulisema hilo mapema, nisije nikadhaniwa kuwa nawasifu matajiri kwa ushujaa ambao haukuwagharimu kitu.

Hata hivyo, kuanza bila watu mashuhuri ni jambo moja, na kudumu bila wao ni jambo jingine. Mchezo uliokaa jukwaani zaidi ya robo karne, maonyesho manane kila juma, hauwezi kubaki na watu wake wa awali: sauti huchoka, magoti huuma, wengine huitwa kwingine kwa ujira mnono zaidi, na watoto wanaopokezana nafasi ya Simba mdogo hurefuka kimo, wakaaga wakiwa bado wanaipenda kazi. Hapo mwenye mchezo hukabiliwa na njia mbili. Aweza kumtafuta mtu hodari asiyejulikana, akamfunza na kumkabidhi nafasi kwa amana. Ama aweza kumwajiri mtu mwenye jina alilolichuma kwingineko, katika sinema au televisheni au muziki, akamweka jukwaani kwa majuma machache, akauza tiketi kwa jina hilo, na muda ukiisha akamtafuta mwingine. Mchezo wa Chicago, uliorejeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwezi wa Novemba 1996, umeishi sana kwa njia hii ya pili: Melanie Griffith mwaka 2003, mwimbaji Usher mwaka 2006, Pamela Anderson mwaka 2022, na wengine wengi kabla yao na baada yao. Simlaumu mtu kwa Chicago, kwa kuwa kisa chenyewe ni dhihaka juu ya wanawake wauaji wanaogeuzwa vipenzi vya watu na magazeti, na mtazamaji amwonaye mtu wa televisheni akibabaika na hatua za dansi huenda akaipata dhihaka hiyo kwa ukamilifu kuliko mwandishi wake alivyotarajia. Ila ni michezo michache mno yenye bahati ya namna hiyo, ambayo udhaifu wa mwigizaji waweza kuhesabiwa miongoni mwa sifa zake.

The Lion King imeshika njia ya kwanza, na sababu yake, kwa rai yangu, imefichwa katika ufundi wa barakoa. Mwongozaji Julie Taymor, ambaye mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Tony kwa kuongoza tamthilia ya muziki, hakutaka kumfunika mtu ndani ya ngozi ya mnyama. Barakoa ya mfalme Mufasa hukaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na uso wake ukabaki wazi chini yake, hata hadhira ikawaona mfalme na mtu kwa wakati mmoja. Na wakati wa ghadhabu, Mufasa na nduguye Scar wanapokabiliana, mtambo mdogo huzishusha barakoa hizo mbele ya nyuso, zikachomoza kama simba arukaye, kisha zikapanda tena mahali pake. Twiga ni mtu aliyefungwa mironjo mikononi na miguuni, akitembea kwa tahadhari ya mtu avukaye mto wa mawe. Mchezo ulioundwa hivi haumhitaji mtu ambaye uso wake umekwisha kujulikana kabla ya pazia kufunguliwa, na hasa humkataa, kwa sababu macho ya hadhira yangemfuata yeye, yakaiacha barakoa. Anayefaa ni yule awezaye kuukopesha mwili wake kwa sanamu, akaridhika kutazamwa nusu tu.

Waliofaa kwa kazi hiyo wamekuwa wengi, na si wachache kati yao ni Waafrika. Lebo M., aliyezaliwa Soweto, aliitia kazi hii sauti za kwaya za kusini mwa Afrika, na tangu hapo waimbaji wa Afrika Kusini hawajakosekana katika makundi yake. Lindiwe Dlamini aliingia katika kwaya ya New York mwaka ule wa 1997, na miaka 20 baadaye alikuwa angali humo, akiwapokea wafalme na malkia wapya waliokuja na kwenda. Wapenzi wa taarabu wa Unguja hawatalistaajabia jambo hili, maana wanayo Ikhwani Safaa, chama kilichokuwapo tangu mwaka 1905, ambamo vizazi vya waimbaji na wapigaji vimeingia na kutoka, wengine wakiwa hodari kupita kiasi, na bado mtu huulizia usiku wa chama kabla hajaulizia ni nani atakayeimba.

Aliyetaka kuona hasara ya njia nyingine angalitazama mchezo wa The Producers, uliopata tuzo 12 za Tony mwaka 2001, idadi ambayo hakuna tamthilia ya muziki iliyokuwa imewahi kuifikia. Nathan Lane na Matthew Broderick walipoondoka mwezi wa Machi 2002, Henry Goodman, mwigizaji Mwingereza mwenye heshima kubwa London, alikabidhiwa nafasi ya Lane, na baada ya majuma machache tu akaachishwa, mahali pake pakashikwa na Brad Oscar, mtu wa kundi lile lile. Haikutosha, wale wawili wakaitwa tena kwa miezi michache kuanzia mwisho wa 2003. Sidhani kwamba kosa lilikuwa la Goodman. Watu walikuwa wameuziwa nyuso mbili, na madhali walifunzwa na wenye mchezo wenyewe kuwa mchezo ni nyuso hizo, hawakuwa na sababu ya kuzitolea fedha nyuso nyingine.

Minnesota hii hii, jimbo lenye Minneapolis, imewahi kutoa jibu la tatu, la ajabu kidogo, nalo si la kuigwa na kila mtu. Chanhassen, kitongoji kilicho kusini magharibi mwa Minneapolis, pana ukumbi ambamo watu hula chakula cha jioni kabla ya mchezo, na humo I Do! I Do!, kisa cha mume na mke kilichoandikwa kwa waigizaji wawili tu, kilionyeshwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1993 na watu wale wale wawili, David Anders na Susan Goeppinger. Kisa chenyewe ni cha ndoa ya miaka hamsini, na hao walikwenda nacho karibu nusu ya njia.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, na hapa Brooklyn Center siwezi kuikwepa, kwa kuwa mji huu na jirani yake Brooklyn Park ina Waliberia wengi mno. Mwaka 2016 tamthilia ya Eclipsed, ihusuyo wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia, ilifika Broadway. Mwandishi wake ni Danai Gurira, aliyelelewa Zimbabwe na kusoma katika chuo cha Macalester, Saint Paul. Na haiyumkiniki kuwa ingefika huko kwa wepesi ule lau si Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Kweli kabisa. Lakini tazama alivyoingia: mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo huo huo, akijifunza maneno ya nafasi ambayo huenda asingeitwa kuicheza hata usiku mmoja. Umaarufu alioupata baadaye aliuleta kama deni alilipalo, akaja na kazi aliyoijua tangu zamani. Na mchezo ulipangiwa miezi michache, ukafungwa, bila ya mtu mwingine mwenye jina kuletwa kukalia kiti chake.

Ninalolishtaki katika njia ya The Lion King ni jingine. Kwa ada ya Broadway, mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya jina la mchezo asipotokea, mwenye tiketi aweza kudai fedha zake. Asiyeandikwa huko juu, hukaliwa mahali pake usiku huo na mwingine, na hadhira hupewa kipande cha karatasi ndani ya kitabu cha programu kueleza nani badala ya nani. Tajiri hufaidi pande zote mbili: hana nyota wa kumlipa ujira wa nyota, wala hana nyota wa kumdai shukrani. Barakoa imemfaa mtazamaji, na imemfaa zaidi mhasibu.

Na lawama nyingine ni ya sisi tunaoandika. Wahakiki huja usiku wa ufunguzi, wakaandika, wakaondoka. Mtu apokeaye nafasi katika mwaka wa nne, au wa kumi na nne, hana wa kumwandikia hata mistari mitatu, isipokuwa awe amekwisha kuandikwa kwa sababu nyingine, na hivyo tunawafundisha wenye michezo kwamba njia ya pekee ya kurudi gazetini ni kumwajiri mtu mashuhuri. Watayarishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao mchezo wao ukidumu miezi mitatu ni jambo la kushukuriwa, wamo katika mtihani huo huo, wakishawishika kumwita mchekeshaji mwenye wafuasi wengi wa mitandaoni ili viti visibaki vitupu. Namwomba mhariri wa gazeti hili, mchezo wa namna hiyo ukibadilisha mtu wake mkuu, amtume mwandishi akautazame mara ya pili, na katika kichwa cha habari atie jina la huyo aliyepokea.