Mamba Ana Jina, Marehemu Hana

Taaluma ya uhusiano wa binadamu na wanyama imetuonea sisi wa mwambao wa Tanganyika, na nasema hivyo mbele ya walimu wangu kwa heshima zote.

Chukueni habari ya Gustave, mamba anayesemwa kuzunguka tangu mlango wa mto Rusizi hadi fukwe za huku kwetu Rumonge. Mfaransa Patrice Faye ndiye aliyempa jina hilo. Mwaka 2004 ilitoka filamu kuhusu jaribio la kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma, nalo likashindikana. Mwaka 2007 Hollywood nao wakatoa yao, Primeval. Urefu wake hutajwa kuwa zaidi ya mita 6, ingawa hakuna aliyewahi kumpima. Waliouawa hukisiwa kufikia 300. Mia tatu! Ni akina nani hao? Walitoka kijiji gani, waliacha watoto wangapi? Kinachosafiri duniani ni ile namba tu.

Mtanijibu kwamba kumpa mnyama jina ni hatua ya kielimu. Nakubali. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, kusini kidogo ya mpaka wetu, aliwaita sokwe kwa majina: Flo, David Greybeard. Alipokwenda Cambridge kusomea udaktari, akaambiwa ilimpasa kuwapa nambari. Haki ilikuwa upande wake, maana jina lilimfanya sokwe aonekane ni nafsi. Lakini huku kwetu mnyama kapewa jina, binadamu ndiye aliyebaki nambari. Sijui Goodall angesemaje.

Tena uhusiano wenyewe haujaelezwa. Mamba hamfuati mtu chumbani kwake. Mama hushuka ziwani kwa sababu ndoo ni tupu na nguo za watoto ni chafu. Mvuvi wa ndagala huingia majini kusukuma mtumbwi. Mwenye bomba uani mwake anamjua Gustave kwa filamu. Kabla ya kuuliza tabia za mamba, basi, tuulize bomba liko wapi. Najua wapo watakaosema hilo ni la wahandisi, si letu. Ni letu kabisa, kwa kuwa ndilo linalowakutanisha hao wawili.

Wenzangu mnaotafuta mada ya tasnifu, nendeni Minago, nendeni Magara, mkakae mialoni na wazee. Andikeni jina la kila aliyechukuliwa na mamba, umri wake, na alichofuata majini siku ile. Wanaokumbuka wanazidi kupungua.