Sufu ya Kondoo Kwenye Gari: Toboa Paa Kwanza

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa. Sababu ya kimya hicho imeegeshwa hapo nje: Toyota Hiace kuukuu iliyokuwa matatu ya abiria 14. Nilinunua, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, meza ya tarakilishi, betri na paneli ya sola. Kazi ya kuandika programu haina haja ya ofisi, na kodi ya nyumba Nairobi mnaijua wenyewe.

Tangu nianze kuonyesha watu picha, swali ni lile lile: ukutani umeweka nini cha kuzuia baridi? Nimeweka sufu ya kondoo. Swali linalofuata: nami niweke? Hapo ndipo nina maneno.

Siku hizi video za watu wanaogeuza magari kuwa nyumba, hasa Marekani na Uingereza, zinaisifu sufu kama dawa ya kila ugonjwa. Wanasema sufu "hupumua". Wanasema inanyonya unyevu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa maji wala kutu. Mimi niliamini. Miezi minne baadaye nikafungua ubao wa ukuta nyuma ya kitanda, nikakuta sufu imelowa kama blanketi lililoanikwa kwenye mvua, na bati nyuma yake lina kutu ya rangi ya chai.

Kosa halikuwa la sufu. Kosa ni kwamba nilisikia nusu ya habari.

Tuanze na fizikia kidogo, msikimbie. Gari hulala Kinangop kwa shangazi yangu mara nyingi, na kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai bati la gari ni baridi mno. Ndani kuna hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70. Hewa kama hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini, mvuke unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sufu ina matundu, mvuke unapita katikati yake taratibu hadi unalifikia bati. Huko ndiko unakogeuka maji, mahali ambapo huoni.

Sasa hesabu. Kuta na paa langu ni kama mita mraba 14. Kwa unene wa sentimita 5 na uzito wa kilo 20 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kilo 14 za sufu safi. Ni kweli sufu inaweza kubeba maji ya takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Lita nne! Ila video hazikuambii kwamba katika hewa ya kawaida sufu tayari imebeba karibu nusu ya hayo. Nafasi iliyobaki ni kama lita mbili.

Mtu mmoja akilala saa nane hutoa kama theluthi moja ya lita ya maji kwa pumzi na jasho. Ongeza kupika: gesi ya mtungi ikiungua, kila gramu 100 hutoa gramu 160 hivi za maji, kabla hata ya mvuke wa sufuria. Kwangu mimi, mpishi wa ugali na chai tu, ni zaidi ya nusu lita kila usiku. Madirisha yakifungwa, na hata kama sehemu kubwa itaishia kwenye vioo, nafasi ile itajaa tu.

Waandishi wa programu wenzangu wameshanielewa. Sufu ni bafa. Bafa inapokea data inapokuja kwa kasi, inaishikilia, halafu inaitoa polepole. Ni kitu kizuri sana. Lakini kama upande wa pili hakuna anayesoma, bafa kubwa inaahirisha tu siku ya kufurika.

Nilinunua vipima unyevu viwili vya DHT22 na kibodi cha ESP8266, nikaweka kimoja chumbani na kingine kati ya sufu na bati. Madirisha yakiwa yamefungwa, saa kumi na moja alfajiri kile cha nyuma kilikuwa kinasoma asilimia 97, usiku baada ya usiku. Kisha nikafanya jambo ambalo kila fundi wa Kirinyaga Road alinionya nisifanye: nikatoboa paa, nikaweka feni ndogo ya volti 12, na dirisha la mbele nikaliacha wazi upana wa kidole. Wiki ya kwanza namba hazikusogea sana, maana sufu ilikuwa inatema ilichomeza. Wiki ya tatu, alfajiri ilisoma 84. Feni ile inakula umeme kidogo kuliko simu ikichajiwa.

Kuna wanaojibu: basi funika sufu kwa karatasi ya nailoni, mvuke usipite. Katika nyumba iliyojengwa vizuri, sawa. Ndani ya gari lenye mbavu za chuma, nyaya na skrubu kila mahali, karatasi hiyo itakuwa na matundu mia, na maji yatakayoingia hayatakuwa na njia ya kutoka. Sikubaliani nao.

Na ile hoja kwamba sufu humkausha kondoo kwenye mvua? Kondoo anapumulia nje ya sufu yake. Sisi tunalala ndani.

Bado ningeichagua tena. Kwa kuzuia joto na baridi inalingana na nyuzi za kioo, na haiwashi ngozi wala haitaki barakoa unapoikata. Haishiki moto kwa urahisi. Sponji ngumu za plastiki zinaishinda kwa sentimita ileile, lakini jaribu kuikunja sponji ngumu kwenye kona za Hiace.

Ila msiweke sufu mbichi. Ya kwanza niliiosha kwa maji ya vuguvugu tu, na mwezi wa tatu nondo walikuwa wanazunguka taa yangu. Viwavi wao hula sufu. Ya pili nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni, bila kuisugua maana inashikamana ikawa kama mkeka, kisha nikainyunyizia maji ya boraksi nikiwa na glavu, na kuikausha kabisa. Uchafu na mafuta yakitoka, uzito unapungua karibu nusu, kwa hiyo kilo 14 ni manyoya ya kondoo kama wanane.

Shangazi alicheka sana. "Wewe, umesoma chuo kikuu uje kulala na kondoo?" Lakini bei amepandisha, na kipande cha nyuma ya kitanda bado sijakibadilisha. Nitakifungua tena Disemba, nipige kutu msasa na rangi, niwaonyeshe picha.