Rangi Haizibi Maji

Joto la Desemba likishaipiga Dar es Salaam, viyoyozi huwaka usiku kucha, na haupiti muda madoa meusi ya ukungu yanaota ukutani chini yake. Mpangaji hulalamika hadi achoke, ahame. Hapo ndipo fundi rangi huitwa: mikono miwili ya nyeupe, doa limepotea, na dalali anaingiza familia nyingine iliyokwisha kulipa kodi ya miezi sita. Chanzo kila mtu anakijua: kiyoyozi hukamua maji hewani, paipu ya kuyatoa huziba kwa vumbi na utelezi, maji yakarudi ndani. Tusichotaka kukiri ni kwamba rangi ile inauza ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kuwa wanaoishi kwenye unyevu na ukungu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na kupata pumu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, siku chache tu baada ya kutimiza miaka miwili. Uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kuwa ukungu wa nyumba waliyopanga wazazi wake ndio uliomharibia njia ya hewa. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu ya ukungu huo. Rangi! Leo sheria yenye jina la mtoto huyo inawabana wenye nyumba za umma Uingereza, na awamu yake ya kwanza ilianza kutumika Oktoba 2025. Ukungu wa Rochdale haukutoka kwenye kiyoyozi, lakini jibu alilopewa yule baba ndilo wanalopewa wapangaji hapa kila siku.

Wapo watakaosema unyevu wa pwani ni majaliwa. Mbona basi ukuta wa pili wa chumba hicho hicho ni mkavu? Watasema kiyoyozi ni anasa ya wenye nazo. Lakini paipu ya ghorofa ya tatu inadondokea ukuta wa ghorofa ya pili, kwa mama asiye na zaidi ya feni. Maji hayaulizi nani analipa umeme wa LUKU. Ni kweli si kila doa huua, na wengi wataishia kupiga chafya tu. Ila mwenye kichanga au mgonjwa wa pumu hana anasa ya kubahatisha.

Hoja nzito ni moja: anayedai peke yake huambiwa nyumba ziko nyingi, hama. Ndiyo maana nawasihi tudai kwa pamoja. Kabla hujatoa kodi, washa kiyoyozi nusu saa kisha toka nje ukaangalie paipu. Kwa unyevu wa Dar, kama hakuna tone, jiulize maji yanakwenda wapi. Sogeza kabati, nusa nyuma yake. Jipsamu iliyolowa ikaushwe ndani ya siku mbili, na iliyokwisha kuota ukungu ikatwe itupwe. Wapangaji wa jengo zima waandike barua moja, wote watie sahihi, picha ziwe na tarehe, nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata, nao watoke ofisini waje waone. Jumamosi hii gongeni mlango wa jirani wa juu na wa chini, mkague paipu pamoja. Fundi rangi akifika kabla ya fundi wa kiyoyozi, mrudisheni getini na ndoo yake.