Kikapu ama Wavu? Mgeni Asipimwe kwa Kimo



Kila mwaka muhula wa kwanza unapoanza, wanafunzi wapya huja na swali lile lile: tuingie mpira wa kikapu ama mpira wa wavu? Na sisi wakongwe huwajibu kwa kuwapima kwa macho tu. Mrefu anaambiwa aende kikapu. Wa wastani anapelekwa kwenye wavu. Mfupi, eti akaimbe kwaya! Mimi ni mfupi, kwaya walinikataa, na voliboli nacheza tangu kidato cha kwanza. Kwa hivyo nadhani nina haki ya kusema kidogo.

Kimo kinasaidia katika michezo yote miwili, hilo silipingi. Lakini hebu tazameni vipimo. Kikapu huwekwa mita 3.05 kutoka chini, awe ni mvulana au msichana anayecheza. Wavu wa wanawake ni mita 2.24 na wa wanaume mita 2.43, na siku ya mazoezi mkiushusha hakuna polisi atakayekuja. Tena tangu 1998 sheria za kimataifa za voliboli zinamkubali mchezaji aitwaye libero, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Kazi yake ni kuokoa mipira kule nyuma. Haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya wavu. Kazi hiyo haimhitaji twiga.

Michezo yenyewe ni kama ndugu. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya matunda ukumbini ili vijana wapate mchezo wa ndani wakati wa baridi. Miaka minne baadaye, katika mji wa karibu wa Holyoke, William Morgan aliona mchezo huo unawachosha watu wazima aliokuwa akiwafundisha, akabuni wa kupigiana mpira juu ya wavu. Ndiyo kusema voliboli ilianza kama mchezo wa wazee. Lakini ukipigwa leo na mpira wa Malkia Strikers hutasema ni wa wazee.

Sasa, jambo ambalo mgeni haambiwi ni hili: katika kikapu, mgeni anafichwa. Anakimbia huku na huku, wenzake wanapasiana, yeye anainua mkono, hapewi kitu. Wanajua akiushika tu atanyang'anywa. Anaenda nyumbani na jasho jingi bila kuugusa mpira. Voliboli haina maficho. Kila timu inapowanyang'anya wapinzani zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wake sita wanazunguka nafasi moja, kwa hivyo leo uko nyuma, punde uko mbele kwenye wavu. Isitoshe, wapinzani wakigundua wewe ni mgeni, mipira yote inaletwa kwako kama barua! Na tangu 1999 kila kosa ni pointi kwa upande wa pili, hata kama si wao walioanzisha. Wiki ya kwanza utalia. Mikono itawaka moto kutoka kifundo hadi kiwiko, mpira huruhusiwi kuushika, na timu nzima ina migusano mitatu tu ya kuurudisha. Lakini kufikia wiki ya nne utakuwa umeugusa mara nyingi kuliko rafiki yako wa kikapu aliyeinua mkono muhula mzima.

Watetezi wa kikapu watasema kwamba mtu mmoja na kikapu kimoja wanatosha, unaweza kurusha peke yako mpaka giza liingie, ilhali voliboli ya mtu mmoja ni kugombana na ukuta. Ni kweli kabisa. Mwanafunzi wa bweni ningemwambia aende kikapu bila kusita. Lakini sisi ni wa kutwa. Tunatoka darasani saa kumi, na kufikia saa kumi na mbili wengi wetu tunatakiwa tuwe tumekwisha kuteka maji, na sisi wasichana jiko linatungoja. Kikapu cha shule hakitufuati nyumbani. Kwetu kando ya ziwa hakuna uwanja wa saruji. Kuna udongo mweusi ambao mvua ya Aprili ikinyesha unang'ang'ania kiatu, na mpira ukiudunda hapo haurudi. Wavu je? Tulichukua kipande cha wavu mkuukuu wa kuvulia samaki, tukakifunga kati ya miti miwili, tukachora mistari kwa jivu. Tunacheza na ndugu zetu, na shemeji mmoja mvuvi anayesubiri usiku uingie aende kuvua omena. Matope hayatusumbui sana, kwani mpira wenyewe hauhitaji kudunda.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba Homa Bay ni watu wa kikapu, kwamba Agoro Sare kule Oyugis inajulikana nchi nzima kwa mchezo huo. Hongera zao. Hata timu ya taifa ya wanaume, Morans, iliifunga Angola 74-73 mwaka 2021 na kurudi kwenye kombe la Afrika ambalo haikuwa imecheza tangu 1993. Lakini Malkia Strikers wamekwenda Olimpiki mwaka 2000, 2004, wakaenda Tokyo 2021 na Paris 2024, na kufikia 2023 walikuwa wameubeba ubingwa wa Afrika mara kumi. Kikapu chetu cha watu watano Olimpiki hakijafika.

Basi nageukia walimu wetu wapendwa, hasa mwalimu wa michezo. Mipira ya shule hulala stoo tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Inapumzika kutushinda sisi! Tunaambiwa ikitoka itapotea. Ombi langu ni kuwe na daftari. Mwanafunzi aandike jina, kidato na tarehe, kiranja wa michezo atie sahihi. Mpira mmoja wa wavu uende kwa wanaotoka upande wa ziwani, mwingine kwa wale wa upande wa mlima Asego, na irudishwe Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza. Usiporudi, waliotia sahihi walipe. Ukipasuka, sisi wa kidato cha tatu tumekwisha kukubaliana kuchanga tuununue wa kwanza. Daftari tayari tunalo.