PICHA NAYO IPIMWE KWA MIZANI

Wakulima wa pamba wa Usukuma hawakujifunza siasa vitabuni. Waliijifunza penye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mnunuzi, maana walikuwa wamechoka kupunjwa. Vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 ukasimama muungano wake, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Ndugu Paul Bomani aliuongoza. Somo lile hatujalisahau: mali isiyopimwa mbele ya mwenyewe, mwenyewe hupunjwa.

Leo twataka somo hilo liingie katika televisheni.

Msomaji asidhani twafanya mzaha. Nenda siku ya mpira katika kibanda umiza cha Shinyanga, Kahama au Geita, mahali panapotumia king'amuzi cha antena. Mtangazaji akiwa ameketi studio, waweza kuhesabu vifungo vya shati lake. Mchezo ukianza, nyasi zinageuka uji wa kijani, mpira unapotea, na mchezaji anayekimbia anakatika vipande vya mraba. Na huenda pembeni ya kioo pameandikwa HD.

Wakati wa analojia, picha mbaya ilikuwa na chenga, na kila mtu alijua sababu: mnara uko mbali, au upepo umegeuza antena. Dar es Salaam ilizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza mwaka 2013, na mikoa mingine ikafuata. Tuliahidiwa picha safi, nasi tukanunua ving'amuzi kwa fedha zetu. Kweli, chenga zimekwisha. Lakini pamekuja jambo jingine ambalo mwananchi hakuelezwa: picha hubanwa.

Kioo cha HD kina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Picha hiyo kabla ya kubanwa ni kama megabiti 1,500 kwa kila sekunde. Masafa ya mnara mmoja, kwa utaratibu wa DVB-T2 unaotumika nchini, hubeba kama megabiti 30 hadi 40 tu, nazo zagawanywa kwa stesheni zote zilizomo. Kwa hiyo kubana ni lazima. Mtambo hutuma picha moja nzima, kisha hutuma yale tu yaliyobadilika. Mtu akikaa kimya, yanayobadilika ni machache. Lakini katika mpira, mvua, mawimbi ya ziwa na vumbi la ngoma, karibu kila kitu hubadilika kwa mara moja. Megabiti zisipotosha, mtambo hutupa.

Kubana si kosa. Dunia nzima yabana. Kosa ni kubana kupita kiasi na kunyamaza. Tufanye hesabu. Mnara una megabiti 36. Ukipakia stesheni 4 za HD, kila moja yapata 9, na mpira watazamika. Ukipakia stesheni 20, kila moja yapata wastani wa 1.8. Basi ni lile lile, abiria wamekuwa mara 5. Mwenye basi hukusanya nauli kwa wote. Anayeminywa ni abiria.

Sasa tazama ni nani anayekatwa vipande. Mkubwa aliyekaa kitini akisoma hotuba huonekana safi. Mkulima akicheza bugobogobo na jembe lake, Wagika na Wagalu wakishindana uwanjani, vijana wakicheza mpira, hao ndio wanaogeuzwa ukungu. Je, twataka Wasukuma wote wabaki na wigashe, ngoma ya kukaa kitako, ili mtambo upate nafuu? Taifa halikupigania kujitawala ili lijione kwa vipande.

Wapo watakaosema: watu wa Geita wanahitaji maji na barabara, si nukta. Maji na barabara twavidai, wala hatutaacha. Lakini masafa ya hewani ni mali ya umma kama dhahabu iliyo chini ya ardhi. Mwezi Machi 2017 nchi ilizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe, ikataka kujua makontena yana nini ndani. Aliyeuliza juu ya kontena ana haki ya kuuliza juu ya masafa.

Wapo pia watakaosema dawa ni ubanaji mpya, HEVC, ambao hutumia karibu nusu ya nafasi. Ni dawa njema, ila ving'amuzi vingi vya zamani havina uwezo wa kuufungua. Mkulima asitupe king'amuzi chake ili kulipia kosa lisilo lake.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano itangaze kila stesheni ya mnarani hupewa megabiti ngapi, wastani wake na kiwango cha chini. Pili, neno HD liwe na kipimo chake, na asiyekifikia alifute kiooni. Tatu, upimaji ufanywe wakati wa mpira na ngoma, si wakati wa taarifa ya habari.

Hatumshitaki mtu kwa jina. Twaomba mizani tu. Matawi ya chama, toka Maswa hadi Chato, yajadili jambo hili mikutanoni, na wanachama waandike tarehe, saa na stesheni kila picha inapokatika, kisha wapeleke taarifa kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Baba zetu hawakuogopa kusimama kando ya mizani ya mnunuzi. Nasi tusimame.